Afande na Chumba cha D

Kuna watu ukiwasamehe kabla hawajakiri, wanadhani mwenye kosa ulikuwa wewe. Afande alikuwa mmoja wao, ndiyo maana sikumsamehe. Wenzangu wa kanisani wakinisikia nasema hivyo hutikisa vichwa. Wao hawakufukuzwa kazi kwa kosa la mtu mwingine, wala hawakubandikwa jina likawafuata mji mzima. Nitamweleza mtu huyu kama nilivyomjua, na mazuri yake nitayataja, maana hata kisasi kina adabu yake.

Kila mtu alimwita Afande, hata mke wake. Jeshini alikuwa mtu wa redio, na vita vya Uganda vya themanini na sita vilipokwisha alibaki huko miaka kadhaa akitengeneza nyaya, kisha akatoka na kofia yake, mgongo ulionyooka, na imani kwamba kila kitu duniani kina cheo. Nilipomfahamu alikuwa akiunda kompyuta katika chumba cha chini cha magorofa ya Bugolobi. Vipande alivinunua mjini kimoja kimoja, kasha huku, diski kule, akaviunganisha mwenyewe juu ya blanketi la jeshi. Bisibisi aliiweka ndani ya soksi, upande wa kulia, kama kisu.

Mimi nilikuwa mchapaji. Nilitoka Kakamega nikaja Kampala kutafuta riziki, nikaipata katika ofisi ndogo ya kuchapa kazi za wanafunzi wa chuo, palepale Bugolobi. Mwenye ofisi alikuwa mama wa Kiganda tuliyemwita Nyabo, kwa heshima tu. Kompyuta zetu zote ziliundwa na Afande.

Diski mpya, kwa asiyejua, ni kama nyumba kubwa isiyo na kuta ndani. Kabla ya kuitumia unaikata vyumba. Chumba cha kwanza huitwa C, na humo unaweka mfumo unaoendesha mashine. Cha pili huitwa D, na humo unaweka kazi zako. Mfumo ukiharibika unafuta C peke yake na kuanza upya, na kazi zako ndani ya D hazijui hata kama kulikuwa na msiba. Afande alilieleza jambo hilo kwa namna yake.

"Disiki iko kambi," aliniambia mara ya kwanza. "Asikali hawezi lala na baluti nyumba moja. Moto ikiingia kwa baluti, asikali anabaki mzima. Umesikia, Mkenya?"

"Nimesikia, Afande."

"Ludia."

Nikarudia. Kwake kila somo lilirudiwa kwa sauti, na hakujali kama unayerudia ni mwanafunzi au mteja. Nilimwona mtu mzima aliyevaa suti na tai akirudia habari ya askari na baruti huku ameshika mkoba wake kifuani. Ulimi wa Afande ulikuwa wa Kampala, R na L zilibadilishana viti bila kumwomba ruhusa, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha.

Mashine mpya ikiwashwa mara ya kwanza hutoa mlio mmoja mfupi, ishara kwamba iko salama. Afande aliusubiri mlio huo amesimama wima. Ukitoka, anajibu, "Naam," ndipo anakaa. Kipanya, kile cha kusogezea mshale kwenye kioo, alikidharau. "Kipanya iko ya laia," alisema, akakisukuma pembeni. Yeye alifanya kazi yake kwenye kioo cheusi, akiandika amri kwa vidole viwili, maana afisa haonyeshi kitu kwa kidole, hutoa amri. Na mashine iliyokatwa vyumba na fundi mwingine hakuipokea hivyo hivyo. Alifuta, akakata upya. Kambi, alisema, kila afisa hupanga yake.

Lakini siku niliyotumwa nyumbani kwake kupeleka waya niliyaona makubwa. Mhubiri huyu wa vyumba alikaa na familia nzima katika chumba kimoja chenye pazia katikati, upande mmoja watoto na jiko, upande wa pili kitanda na magurudumu ya baiskeli. Na kompyuta yake mwenyewe, nilipoichungulia, haikuwa na D kabisa. Kila kitu kilikuwa ndani ya C, picha za harusi na mfumo na nyimbo za kanisa, askari wamelala juu ya baruti. Nilipomuuliza alisema mganga hajigangi. Mke wake alikuwa Mwislamu na yeye Mkristo. Jumapili alikwenda misa, na mwezi wa Ramadhani alifunga pamoja na mke wake, kwa sababu kikosi, alisema, hula pamoja na hushinda njaa pamoja.

Na alinifundisha. Hili nalisema kwa shingo upande, lakini nalisema. Nyabo alipoagiza mashine, nilikwenda kuangalia ikiundwa, na Afande aliniachia nishike ule ubao wa ndani unaobeba kila kitu. "Shika pembeni, kama sahani ya moto," aliniambia. Alinionyesha jinsi ya kusafisha meno ya vipande kwa kifutio cha shule. Mwanamume aliyesimama mlangoni akauliza mwanamke ataelewa nini, na Afande akamwamuru atoke nje akahesabu magari. Katika mji huu alikuwa mtu wa kwanza kunifundisha kitu bila kutaka kitu. Ndiyo maana aliponigeuka iliuma mara mbili.

Basi hapa ndipo penyewe. Afande hakuwahi kusema amekosea. Sisemi alisema mara chache, hakusema kabisa. Nyuma ya kile kisanduku cha umeme cha kompyuta kulikuwa na swichi ndogo nyekundu ya kuchagua nguvu ya umeme. Siku moja aliisahau upande usiofaa, akachomeka, kisanduku kikalia kama risasi na moshi ukajaa chumba. Mteja aliruka hadi barabarani. Afande alipeperusha moshi kwa kofia yake, akakitazama kile kisanduku kwa dharau.

"Hii imetoloka jeshi," akasema, akaenda kutafuta kingine.

Tulicheka sana siku ile, na mimi nilicheka kuliko wote. Kumbe tulikuwa tunamchekea mtu ambaye kwake kila kosa lazima lipate mwenyewe mwingine. Likikosa kuwa la mashine, litakuwa la mtu.

Mashine ya Nyabo ilipokuwa tayari, Afande aliikata vyumba viwili akaniuliza, "D inaitwa nani?" Chumba cha diski, mbali na herufi yake, unaweza kukipa jina. Mimi nikaandika KALE. Katika Kiswahili cha kwetu kale ni zamani, na chumba kile kilikuwa cha kazi zilizokwisha kuchapwa, za kuhifadhi. Nilijua fika kwamba kwa Kiganda kale ni kama kusema sawa, haya, nimekubali. Neno hilo utalisikia sokoni, ofisini na kwa simu mpaka masikio yachoke. Sikuona ubaya. Afande alilisoma akasema, "Kale," tukacheka wote wawili.

Baada ya miezi mfumo uliharibika. D ilikuwa imejaa kazi za wanafunzi, wengine wamebakiza kusahihisha kurasa chache wazipeleke chuoni. Afande aliitwa. Nilimpokea mwenyewe, nikamwambia kwa kinywa changu nimesimama mbele yake.

"Afande, futa C tu. KALE usiguse."

"Kale," akanijibu.

Nikatoka kupeleka kazi ya mteja. Niliporudi, mashine ilikuwa safi kama ilivyotoka kwenye blanketi. C tupu, D tupu. Alikuwa ameona vyumba ni vidogo, akaamua kupanga kambi upya.

Nyabo aliuliza kulikoni. Nilimtazama Afande, nikingoja neno moja tu. Lingetosha. Nyabo alimheshimu na angemsamehe. Afande alivaa kofia, akasimama wima.

"Nyabo, mimi niriuliza mashine, nifute D? Mashine ikajibu, KALE. Sasa nani aliandika kale ndani ya mashine? Ni huyu Mkenya."

Nyabo alicheka mpaka akaketi. Kisha mwanafunzi wa kwanza akaja kuchukua kazi yake, na kicheko kikakoma. Mmoja alilia mlangoni kwetu hadi wauza ndizi wakaacha biashara kuja kuangalia. Nikasema nilimwonya kwa mdomo. Afande akasema, "Alisema kale, mimi nikasema kale." Kati ya afande na mchapaji mgeni, unajua aliyeaminiwa. Juma halikwisha nikawa sina kazi.

Jina likabaki. Wauza ndizi waliniita Kale, watoto wa magorofani waliniita Kale, na nilipokwenda kuomba kazi ofisi nyingine, mama mmoja aliniangalia akatabasamu. "Ndiwe yule Kale?" Kibaya zaidi, Afande alikifanya kisa kile kuwa somo. Kila aliyekwenda kujifunza kwake alisimuliwa habari ya mwanamke Mkenya aliyeipa mashine ruhusa ya kufuta kazi za watu, kisha akaamriwa arudie. Kuna vijana wa mji huu walionijua kwa ujinga wangu kabla hawajaniona uso.

Nilimwendea mara moja, peke yangu, kwa heshima zote. Nikamwomba aende kwa Nyabo aseme kweli. Alikuwa amechutama juu ya blanketi lake. Alisikiliza mpaka nikamaliza, akachomoa ile bisibisi kwenye soksi akanipa.

"Wewe bado kijana, Mkenya. Makosa itakufunza. Chukua, anza kazi yako."

Niliichukua. Nilitaka kumchoma nayo, lakini niliichukua, chuma hakina kosa. Kwa bisibisi ile nikaanza kuunda mashine zangu katika kijumba kilicho juu kidogo ya soko la Owino, nikizungukwa na marobota ya mitumba. Wateja walikuja taratibu. Huko walinijua kwa kazi, si kwa Kale, na donge langu lilikuwa limeanza kulegea.

Mpaka siku niliyofuta diski ya mteja kwa amri za kioo cheusi, kama Afande alivyozoea kufanya. Mpaka hapo nilikuwa nikitumia kipanya. Nilitoa amri ya kufuta D, na mashine haikufuta. Iliniuliza jina la chumba. Niliandika lisilo, ikanikatalia. Ikabidi nilitafute lile jina, nilisome, niliandike herufi kwa herufi. Baada ya hapo ikanionya kwamba vyote vilivyomo vitapotea, ikanitaka nijibu Y kwa kukubali au N kwa kukataa.

Niliweka mikono mapajani. Mashine haisemi kale. Mashine huuliza, na mtu ndiye hujibu. Siku ile Afande aliulizwa chumba kinaitwa nani, akalitafuta jina nililomwambia asiliguse, akaandika K, A, L, E kwa kidole chake. Akaonywa. Akabonyeza Y. Kisha akasimama mbele ya Nyabo akijua yote hayo, akanitupia mimi. Miaka yote kuna sehemu ya moyo wangu ilikuwa ikijilaumu kwa kuchagua jina la kijinga. Kuanzia saa ile lawama zote nilimrudishia mwenyewe. Nilitaka kitu kimoja tu, na nilikitaka kama mtu mwenye kiu, kwamba atamke "nilikosea", mbele ya watu, mbele ya darasa kama alivyonisimulia mbele ya madarasa. Mwosha huoshwa.

Nafasi ililetwa na mchungaji. Kanisa letu la Wakenya lilikuwa limefungua darasa la kompyuta kule Ggaba kwa vijana waliomaliza shule, watoto wa wafanyabiashara wa nyumbani na watoto wa wanajeshi na polisi waliotoka kaskazini. Aliniomba niwaundie mashine.

"Mwalimu ni mzee mmoja wa jeshi," akaniambia. "Mtu mzuri sana, ila ana vituko."

"Mashine ikilia, anaiitikia?"

Mchungaji akacheka. "Kumbe unamjua."

Niliiunda mashine ile kwa uangalifu kuliko zote. Diski nikaikata vyumba viwili. C nikaweka mfumo. D nikakipa jina NILIKOSEA. Nilijua atakifuta, maana hapokei kambi ya mtu. Nilijua atatumia kioo cheusi. Na nilijua mashine itamtaka aandike jina.

Darasa lilikuwa hatua chache kutoka mwaloni, mitumbwi ya wavuvi inapofikia, na harufu ya samaki iliingia madirishani bila kubisha. Afande alikuwa amezeeka. Miwani yake ilifungwa kwa uzi, na magoti yalimsumbua, ila mgongo ulikuwa uleule. Aliponiona alinishika mikono yote miwili.

"Mkenya. Habali ya siku nyingi? Nyumbani wazima?"

Aliuliza kama mtu asiye na neno na mimi, na huenda kweli hakuwa nalo. Hilo ndilo lililonikaza roho. Niliitikia salamu, nikakaa nyuma ya vijana waliokuwa wameizunguka mashine. Ilipolia alijibu, "Naam," wakacheka.

"Nani alikata vyumba?"

"Mimi, Afande."

"Kazi nzuli. Lakini mimi napanga kambi yangu. Tunafuta D." Akawageukia vijana. "Kabla ya kufuta, kumbuka yule mwanamke niriwaambia, aliandika kale ndani ya mashine." Akanionyesha kwa kidevu, anatabasamu. "Ni huyu. Leo anaunda mashine. Mnaona, makosa inafunza mtu."

Darasa zima liligeuka kuniangalia, na baadhi wakacheka, si kwa ubaya, wakicheka kama unavyomcheka mtu uliyemsikia hadithini. Uso uliniwaka.

"Futa, Afande," nikasema.

Akatoa amri. Mashine ikauliza jina. Akainamia kioo, akageuka kwangu. "Chumba inaitwa nani?"

"Nilikosea."

"Pole. Ulikosea nini?"

"Sijakosea mimi. Jina la chumba ndilo hilo. Nilikosea. Liandike."

Alinitazama kidogo juu ya miwani, kisha akaandika kwa vidole vyake viwili. NIRIKOSEA. Mashine ikakataa. Akaanza tena, safari hii akibonyeza kwa nguvu, kana kwamba mashine haisikii vizuri. NIRIKOSEA. Ikakataa tena.

"Afande, ni L," binti mmoja wa mbele akasema taratibu. "Ni-li."

Kidole kikaitafuta L. Alipomaliza, vijana walisoma kwa pamoja, maana aliwazoesha kusoma kwa sauti kila anachoandika. "Nilikosea." Mashine ikaonya kwamba vyote vitapotea. Y au N.

Hapo nikasimama. "Afande, waeleze. Mashine imekuuliza mara ngapi?"

Nilidhani atasema imetoroka jeshi.

"Mara mbiri," akajibu.

"Na siku ile kwa Nyabo, ilikuuliza?"

"Iriuliza."

"Jina la chumba aliandika nani, siku ile ya kufuta?"

Vijana walikuwa wameacha kucheka. Afande aliondoa miwani, akaifuta kwa shati. "Mimi."

"Rudia."

"Mimi niriandika," akasema. "Huyu mama aliniambia nisiguse. Nikagusa. Nirikosea."

Nilikuwa nimelingoja neno hilo muda mrefu kiasi kwamba nilikuwa nimejitayarisha hata jinsi ya kulipokea. Nilingoja sasa abonyeze Y alifute, ajifiche nyuma ya kazi, akohoe, ainamishe kichwa. Nilitaka vijana wale wamwone ameinama. Badala yake alikitazama kioo, akabonyeza N. Akavaa kofia, akainuka na magoti yake mabovu mpaka akasimama wima kama zamani.

"Hii chumba hatufuti," akawaambia. "Kila mtu akifungua mashine, ataona hapo jina. Akiuliza, mtamwambia ni ya Afande. Somo imekwisha."

Wakasimama wote kumpa heshima. Hakuna aliyewaamuru. Yule binti wa mbele alimshika mkono kumsaidia kupita katikati ya viti, na wengine wakampisha njia kama wanavyompisha mchungaji. Aliponifikia alisita, akainamisha kichwa kidogo, akapita.

Nilitoka nikateremka hadi mwaloni, nikasimama katikati ya wauza samaki bila kununua chochote. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, kwa sauti, mbele ya watu, na jina langu limesafishwa palepale lilipochafuliwa. Nilifurahi, sifichi. Lakini nilikuwa nimekwenda kumwangusha, na nimemwacha amesimama wima zaidi kuliko nilivyomkuta. Nilitaka alie.